Sarafu Kwenye Pindo la Mkwe

Kwetu Gutu, huku Zimbabwe, mke haachwi kwa maneno. Mwanamume anaweza kukutukana tangu mvua za kwanza hadi mavuno, akakuambia rudi kwenu mbele ya majirani, akahamia kwa nyumba ndogo yake huko madukani, na bado wewe ni mke wake. Hujaachwa mpaka akutupie gupuro. Ni sarafu tu, ya thamani ndogo kabisa, haitoshi hata kununua kiberiti, lakini ukishaiokota mbele ya shahidi umeachwa, na unarudi kwenu kwa heshima yako. Ukiondoka bila hiyo, wewe ni mtoro, na ng'ombe wa mahari yako hurudishwa.

Plaxedes aliyajua hayo tangu akiwa msichana wa kuchunga mbuzi. Ndiyo maana alikuwa akijiandaa kuachwa jinsi wengine wanavyojiandaa kuolewa, kwa mpango na kwa siri. Alianza na sufuria. Sufuria na vyungu ni mali ya mwanamke, na hata mume mwenye roho mbaya anaogopa kuvigusa, asije akasumbuliwa na mizimu ya kwa wakwe. Lakini mume wa Plaxedes alikuwa Zvidzai, na Zvidzai alikwishaacha kuogopa walio hai, sembuse wafu. Basi kila alipokwenda kuteka maji, Plaxedes alificha sufuria moja ndani ya ndoo, akaiacha kwa jirani, akarudi na maji kichwani na uso mkavu.

Wanawake wa pale bombani walikwishaona. Hakuna siri ya sufuria mbele ya wanawake wanaoteka maji.

"Chihera, leo unahamisha ipi? Ile ya mchuzi?" mmoja akamtania. Walimwita Chihera kama wanavyoitwa wanawake wote wa ukoo wake, ukoo wa pofu, yule swala mkubwa wa porini, na kwetu inasemwa kwamba ukioa Chihera, wewe ndiye uliyeolewa.

"Nahamisha ya kukupikia wewe siku ya msiba wako," Plaxedes akajibu, wakacheka wote.

Alicheka nao. Alipofika kwenye kona ya njia, pasipo na mtu, aliitua ndoo akalia mpaka kifua kikamuuma, kisha akajipangusa akaendelea. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na heshima iliyombaki ilikuwa ni ile ya kwenye midomo ya wanawake wenzake, kwamba Chihera hashindwi. Chihera alikuwa ameshindwa kitambo.

Alikwenda mpaka Masvingo mjini kumwona wakili wa bure, akaaga nyumbani kwamba anafuata dawa za mama mkwe. Wakili alikuwa binti mdogo mwenye miwani, umri wa Ruvarashe wake, yule binti yake wa pekee anayefanya kazi za ndani kule Afrika Kusini. Akamsikiliza bila kumkatiza, kisha akaanza kuuliza.

"Mama, umeshaondoka nyumbani?"

"Bado, mwanangu."

"Usiondoke. Wazee wa pande mbili wamekaa?"

"Wanakaa Jumamosi, kwa jumbe."

"Na gupuro amekupa?"

Plaxedes akatazama mikono yake.

"Basi kesi nitaifungua, lakini kwanza jiandae na hiyo Jumamosi. Usimjibu akikuchokoza. Usitamke kwamba wewe ndiye unayetaka kuondoka, hata wakikubana vipi. Na tafuta shahidi. Mahakamani wataniuliza ndoa ilivunjika lini, nami kwa haya unayoniambia sina jibu. Bado haijavunjika."

"Imekufa, mwanangu," Plaxedes akasema. "Tatizo ni kwamba marehemu anagoma kuzikwa."

Binti akacheka kidogo, akaona mama hacheki, akanyamaza.

Kutafuta shahidi ni neno jepesi ukiwa umeketi kwenye kiti mjini. Zvidzai hakuwa mjinga. Alijua mke wake anangoja nini, na kumnyima ilikuwa starehe yake kubwa kuliko pombe. Akija nyumbani kuchukua shati safi, alikuwa akijipapasa mifuko mbele yake, wa mbele, wa nyuma, wa kifuani.

"Unatafuta sarafu, Chihera? Ngoja nikuone. Lo! Mfuko umetoboka." Anacheka mpaka anakohoa. "Utaondoka kwa miguu yako mwenyewe. Halafu kaka yako ataniletea ng'ombe wangu hapa uani, nami nitajua pa kuwapeleka."

Pa kuwapeleka palijulikana. Baba wa yule wa madukani alikuwa amechoka kungoja mahari.

Na ng'ombe wenyewe hawakuwepo. Hapo ndipo kamba ilipombana Plaxedes shingoni. Ng'ombe walioletwa kwa ajili yake, kaka yake Hamadziripi aliwaswaga moja kwa moja hadi kwa wakwe zake, akamwoa Sekesai. Ndivyo ilivyo desturi, kaka anaoa kwa mahari ya dada. Ndoa ya Sekesai ilisimama juu ya ndoa ya Plaxedes, na Sekesai alimheshimu kwa hilo, kila akimpa kitu anapiga goti. Mtu wa namna hiyo utamwangushaje?

Alipokwenda kwao kuomba pa kufikia, Hamadziripi alimketisha jikoni, akammiminia togwa kwenye kikombe kikubwa, akashindwa kumtazama.

"Dada, hapa ni kwenu. Chumba kipo. Lakini kile kisarafu..."

"Nitakipata wapi, kaka? Nimkabe?"

"Ukija bila hicho, yule mtu anakuja nyuma yako na jumbe, anadai ng'ombe. Mimi nitawatoa wapi? Niende kwa baba yake Sekesai nikamwambie nini? Chukua binti yako, nirudishie ng'ombe?"

Sekesai alikuwa amepiga magoti karibu na moto. Mwiko wake ulisimama ndani ya chungu. Mboga zikaanza kushika chini, harufu ikasambaa, hakuna aliyezitoa.

"Nimesikia," Plaxedes akasema. Akanywa togwa yote, kwa adabu, akaondoka. Ruvarashe alipopiga simu siku ile na kumwambia, "Mama, toka tu, utakufa humo," alimjibu kwamba mtandao ni mbaya, akakata.

Sasa lazima niseme juu ya sarafu, maana sarafu ilikuwepo.

Mavuno matatu yaliyopita, mchana kweupe, walikuwa juu ya mwamba wanapura ulezi, Zvidzai, mama yake na Plaxedes. Ugomvi ulianza kwa jambo dogo, nadhani ni ungo uliopasuka. Zvidzai akaingiza mkono mfukoni, akarusha sarafu juu ya mwamba, ikalia, ikabingirika mpaka miguuni kwa mke wake. "Okota uende kwenu!" Na Plaxedes, Chihera huyu anayesemwa hashindwi, hakuokota. Aliruka nyuma kama aliyerushiwa nyoka, akapiga magoti, akapiga makofi ya kuomba radhi. Ruvarashe alikuwa bado shule wakati ule. Plaxedes aliogopa kumwacha. Wanawake wengi wangefanya vile vile, na wengi wamefanya.

Aliyeiokota ni mama mkwe. Bibi alikuwa na nguvu zake bado. Aliinama, akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, fundo gumu. "Katika ua wangu hakuna mke anayeachwa nikiwa hai," akasema. Wakaendelea kupura.

Mwaka uliofuata bibi alianguka. Miguu ikafa, macho yakaingia ukungu. Tangu hapo Plaxedes alimwogesha, alimlisha, alimgeuza asitoke vidonda. Kila alipombadilisha nguo, bibi alilifungua fundo lile mwenyewe kwa kupapasa na kulifunga upya kwenye pindo la kitenge kisafi. Uhuru wa Plaxedes ulikuwa hapo, kiunoni mwa mtu asiyeweza hata kukimbia. Angeweza kuichukua bibi akiwa amelala. Lakini sarafu bila shahidi ni sarafu tu, na ya kuiba ndiyo kabisa. Aliihitaji ikiwa na mdomo wa bibi.

Aliomba. Alianza kwa kuzunguka, mwishowe akaomba wazi.

"Mama, ile sarafu ya pale mwambani."

"Sarafu gani? Mimi mzee, nasahau."

"Mama."

Bibi akatafuna mdomo mtupu. "Na ukienda, nani ataniogesha? Yule wa madukani mwenye kucha?" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Nizike kwanza, mkamwana. Nizike, halafu uende popote. Sitachelewa."

Plaxedes alitoka nje akasimama nyuma ya ghala la mahindi. Alikuwa amejikuta akihesabu. Bibi ana miaka mingapi, anakula kiasi gani, anakohoa vipi. Alijiona anangojea kifo cha mtu anayemlisha kwa mkono wake, na alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia Zvidzai. Hakuomba tena.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao, Zvidzai alirudi akaona rafu ya sufuria ina mapengo. Hakuuliza. Alichukua mwiko wa kusongea ugali, ule mkubwa wa siku za misiba, akampiga nao mkono wa kulia aliokuwa ameuweka mezani. Alingoja mkewe amtukane, apate la kusema Jumamosi. Plaxedes alikumbuka maneno ya binti mwenye miwani, akauma kitambaa cha kichwani, hakutoa hata tusi moja. Zvidzai akautupa mwiko, akaenda zake. Mkono ukavimba mpaka vidole havikukunjika.

Asubuhi ya Jumamosi Zvidzai alipita na baiskeli, shati limepigwa pasi na mtu mwingine, akatangulia kwa jumbe. Plaxedes akachemsha maji, akamvua bibi nguo, akaanza kumwogesha kama siku zote. Hakuwa na mpango wowote tena. Aliwaza kwamba akiulizwa atasema anampenda mume wake, atarudi hapa, na siku moja mwiko utampata kichwani, na angalau Sekesai atabaki na nyumba yake.

"Mbona unaniogesha kwa mkono mmoja?" bibi akauliza.

"Mwingine una kazi, Mama."

"Kazi gani? Ulete."

"Maji yanapoa."

"Nimesema ulete."

Akampa. Bibi aliupapasa polepole, kiganja, kidole kwa kidole, na kila alipogusa Plaxedes alikaza meno. Bibi akafika kwenye kifundo akatulia.

"Mwiko?"

"Mwiko."

Bibi akauachia taratibu. Kisha akanyanyua mkono wake mwenyewe wa kushoto, wenye kile kidole cha mwisho kilichopinda kando. Plaxedes alikuwa amekiosha kidole hicho kila siku.

"Hiki ulidhani ni uzee?" bibi akasema. "Ni baba yake Zvidzai. Mwiko vile vile. Nami nilirudi kwetu, mama yangu akanipikia, akaniambia kesho urudi, ng'ombe wameshaliwa. Nikarudi." Akaushusha mkono majini. "Nimalizie mgongo. Halafu uniweke kwenye toroli."

"Twende wapi?"

"Huko mnakokwenda kugombana. Nataka nisikie mwenyewe."

Plaxedes hakuuliza zaidi. Aliogopa kuuliza. Mama ni mama, na mwanawe ni Zvidzai. Huenda anakwenda kumtetea mwanawe, kusema mkamwana wangu ni mwizi wa sufuria, nirudishieni nyumbani aniogeshe. Alimvika, akamtazama akipapasa fundo, akilihamisha kwenye kitenge cha kutokea, akilikaza kwa meno. Alitandika gunia ndani ya toroli, akaweka mto chini ya goti la kushoto lisilokunjika, akampakia, akasukuma kwa mkono mmoja na nusu hadi kwa jumbe. Bibi alishika ukingo njia nzima. Gurudumu lilipiga kelele kila mzunguko, kwa sababu Zvidzai aliahidi kulitia mafuta tangu mwaka juzi.

Jumbe wetu ni mtu wa haraka, hasa Jumamosi yenye mpira redioni. Aliwaketisha wa upande wa mume huku, wa upande wa mke kule, bibi kwenye toroli lake katikati kwa kuwa hapakuwa na pengine.

"Tuseme ukweli tumalize. Gumbo, anza wewe," akamwambia Zvidzai, akimwita kwa jina la ukoo wake.

Zvidzai akasimama, mpole kama mchungaji wa kanisa. "Mimi sina shida, jumbe. Mke wangu nampenda. Ila yeye anahamisha sufuria. Sufuria zinatembea zenyewe kwangu, sijui wenzangu kwenu zikoje."

Watu wakacheka. Hamadziripi hakucheka, alikuwa akichora ardhini kwa kijiti.

"Kama anataka kwenda, simfungi kamba," Zvidzai akaendelea. "Aende. Ila ng'ombe wangu warudi."

"Chihera," jumbe akamgeukia. "Unataka kwenda?"

Ilikuwa ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, amemng'oa Sekesai. Akisema hapana, anarudi kwenye mwiko, na safari hii kwa kinywa chake mwenyewe na mashahidi wote hawa. Plaxedes alifungua mdomo, hewa ikatoka bila neno. Akafungua tena. Aliona watu wote wanamtazama, na Sekesai nyuma ya mumewe ameshika shavu, akatamani mwamba ule wa ulezi ungempasukia chini ya miguu siku ile ile, mavuno yale yale.

"Chihera, nakuuliza."

"Muulizeni mwanangu," sauti ikatoka kwenye toroli, "mara ya kwanza kumwacha huyu ilikuwa lini."

Kicheko cha Zvidzai kilitoka haraka mno. "Mama amechoka na jua. Mtoeni."

"Jua la leo ni dogo. La mwambani ndilo lilikuwa kali." Bibi alikuwa akihangaika na fundo, vidole vinateleza, akatumia meno. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyejua anafanya nini isipokuwa wawili. "Alimtupia gupuro mbele yangu. Mke hakuokota. Nikaokota mimi, nikaificha. Kosa ni langu. Nilitaka mtu wa kuniangalia uzeeni, nami nimempata, ameniangalia. Hii hapa."

Akainyanyua. Mtu akaizima redio ya mpira.

"Hakuokota!" Zvidzai akapaaza sauti. "Asipookota hajaachwa!"

"Gumbo," jumbe akasema, na sasa hakuwa na haraka. "Uliitupa?"

"Nilikuwa na hasira."

"Sijakuuliza hasira. Uliitupa? Na baada ya kuitupa, ulikwenda kwa wakwe zako hata na kuku mkononi kuomba irudi?"

Zvidzai akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama ukungu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," jumbe akasema. "Gupuro isiyoombwa irudi bado inangoja kuokotwa. Hapa hakuna mtoro. Ng'ombe hawarudi. Bibi, mpe mwenyewe."

Bibi hakumpa. Aliiachia, ikaanguka mavumbini kando ya gurudumu, maana ndivyo inavyotakiwa, kuokotwa. Plaxedes aliinama, mkono wa kulia ukakataa, akaiokota kwa wa kushoto. Hamadziripi akatoa pumzi aliyokuwa ameibana tangu kikao kilipoanza, na Sekesai akapiga kigelegele kimoja, akaona aibu, akakikatisha.

Kikao kikavunjika. Watu walisimama, wakajikung'uta, mmoja akauliza matokeo ya mpira. Bibi akabaki kwenye toroli.

"Haya," akasema. "Nani ananirudisha?"

Plaxedes alikwishapiga hatua. Kaka yake akamshika kiwiko. "Dada. Umeshaokota." Na ni kweli, aliyeokota hakanyagi tena ua ule, hata kwa wema, hata kwa mgonjwa. Akikanyaga, amerudi mwenyewe.

Zvidzai akaja akashika mishikio ya toroli bila kumtazama mtu. Akaiinua juu mno, bibi akateleza mbele, akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Polepole!" Plaxedes akapaaza sauti akiwa pale pale aliposimama. "Inua kidogo tu. Goti la kushoto halikunjiki, mto urudishe chini yake. Na uji wake usiwe wa moto, anaungua hasemi."

Zvidzai akaanza kusukuma. Bibi hakugeuka, shingo yake haigeuki siku hizi, ila aliinua ule mkono wa kidole kilichopinda, akaushusha. Toroli likaingia njiani, linapiga kelele kila mzunguko. Zvidzai alilisukuma kwa pupa, na kwenye kila jiwe kichwa cha bibi kilitikisika.

Plaxedes akaketi mavumbini akalia kwa sauti, mbele ya jumbe, mbele ya wanawake wa bombani, bila kujificha kwenye kona yoyote. Hamadziripi alidhani ni furaha, akamwacha alie. Alilia mpaka ile kelele ya gurudumu ikapotea, na sarafu mkononi mwake ilikuwa bado na joto la kiuno cha bibi.